Mji Ambao Haukurithiwa

Shabani alipokufa nililala usingizi mzuri. Nalitanguliza hilo ili msomaji asije akanidhania huruma ambayo sina. Mazikoni sikwenda, nilisingizia kazi. Wiki ya tatu mjane wake, Zaina, alinipigia simu akilia, akaniomba nifike Bagamoyo nimsaidie kufungua vitu vya marehemu vilivyofungwa kwenye simu yake, kwa kuwa kazi yangu huku Dar ni hizo hizo simu na kompyuta. "Na Dada Mwana akiwa na nafasi, aje naye," akaongeza. Nilimpigia dada yangu nikitegemea kutukanwa. Akauliza siku gani tu. Siku hiyo nilimkuta stendi amevaa buibui lake la Idi, jicho kalipaka wanja, mkoba mkononi kama mtu anayekwenda harusini. Tulitembea hadi mtaa wa Magomeni, wa huko huko Bagamoyo, bila kuulizana njia, maana nyumba tuliyokuwa tunaiendea ilikuwa yake zamani. Aliijenga Rajabu, mume wa dada yangu, kaka mkubwa wa Shabani. Na chumba alichokuwa anakalia eda Zaina ndicho kile kile alichokalia eda Mwana, mwaka nilioishi naye humo, mwaka ulionifundisha kuhusu watu mambo ambayo shuleni hayakuwamo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, sina la kufanya. Rajabu alikufa kwa ajali ya pikipiki akirudi kutoka Fukayosi, alikokwenda kutengeneza kompyuta za shule. Nikaambiwa nikakae na dada mpaka atoke eda. Chumba kilikuwa na dirisha moja linalotazama uani, kitanda cha mbao, godoro langu chini, na meza ya cherehani ambayo juu yake, badala ya cherehani, palikuwa na laptopu ya Rajabu. Modemu ya intaneti ilikuwa imefungwa kwenye nondo za dirisha kwa kipande cha kanga, kwa sababu pale tu ndipo iliposhika mtandao. Chakula alikileta shangazi yake Rajabu, ambaye sote tulimwita Shangazi. Asubuhi uji wa pilipili manga, mchana bada la unga wa muhogo na mchuzi wa papa. Alikiweka mlangoni, akasimama hapo mpaka aone kijiko cha kwanza kimeingia kinywani mwa mjane. Alimpenda marehemu. Dada yangu alimvumilia tu.

Ndani ya laptopu ile mlikuwa na gemu la kujenga mji. Si la kupigana wala la mpira. Unapewa uwanda mtupu, unachimba kisima, unajenga nyumba, wanahamia watu, wanaomba soko, unawajengea soko. Rajabu na dada yangu walilicheza pamoja kila jioni tangu walipooana, na mji wao waliuita Rajamwana. Ulikuwa na mitaa, msikiti, shule, bustani ya minazi na nyumba yao wenyewe yenye baraza. Nyumba hiyo ilikuwa na chumba kimoja chenye kitanda kidogo na pazia la njano, walichokiweka mwaka ambao dada alibeba mimba, na mimba ilipotoka hawakukivunja. Mwenye akaunti alikuwa na kikaragosi chake kinachotembea mitaani, mwanamume mrefu mwenye kofia. Alipokwenda Fukayosi siku ile, Rajabu alikiacha kimesimama mlangoni pa nyumba yao, kimeinua mkono. Usiniulize kwa nini hatukupiga picha tukamaliza. Tulipiga nyingi. Picha haitembei.

Sasa sikiliza ubaya wake. Gemu lile lilikuwa halikubali kuchezwa bila mtandao, na mji wenyewe haukuwa ndani ya laptopu, ulikuwa kwenye mitambo ya kampuni huko ng'ambo. Mtandao ukikatika linakutoa nje. Ukirudi, linataka uthibitishe kuwa wewe ndiye mnunuzi na si mwizi. Linatuma namba kwenye simu ya mnunuzi, na namba hiyo hufa baada ya dakika chache. Na ukikaa siku nyingi bila kuingia, visima vinakauka, wakazi wanaanza kuhama. Gemu za namna hiyo Bagamoyo nzima zilichezwa za kuchakachuliwa, zilizovunjwa kufuli, na msambazaji wake mkuu alikuwa Shabani. Alikuwa na banda la gemu karibu na soko, anakuwekea gemu lolote kwenye flashi, hulipi kampuni wala huombi namba kwa mtu. Hata lile la mji alitaka kumwekea kaka yake. Rajabu alikataa. Alisema kunakili kitu cha mtu bila ridhaa yake ni wizi, na yeye hawezi kuswali Isha kisha akafungua kitu cha wizi. Akalinunua kihalali. Nilikuwapo siku Shabani alipomcheka barazani, mdomo umejaa kitumbua.

"Kaka, wewe umenunua mlango, ufunguo wamebaki nao. Mimi gemu langu hata nikifa litacheza."

"Litacheza, lakini wewe utaulizwa," Rajabu akamjibu.

Siku ya maziko, simu ya Rajabu ilikuwa ikilia kwa watu wa rambirambi, na Shabani akaichukua ili apokee yeye. Hakuna aliyeona ajabu, ni ndugu. Hitma ikapita, simu haikurudi. Siku ya kwanza dada yangu alipofungua laptopu, namba ikatumwa kwenye simu ile iliyokuwa mfukoni mwa Shabani. Nikampigia mimi. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Nataka sauti ya mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe yuko eda, kaka Shabani."

"Eda imemkataza kusema na shemejiye? Mpe simu."

Dada akaichukua. Nilikuwa nimeweka spika, nikasikia na upande wa pili kuna spika, maana vilisikika vicheko vya wanaume barazani na kijiko kikigonga kikombe.

"Shabani, naomba hiyo namba iliyoingia."

"Shikamoo kwanza."

Dada yangu alinitazama. Alimpita Shabani kwa miaka sita na alikuwa mke wa kaka yake mkubwa. Shikamoo ilikuwa yake kupewa, na tangu aolewe Shabani alikuwa akimpa.

"Shabani, wacha mzaha."

"Mimi ndiye nimebaki mkubwa wa nyumba hii. Shikamoo."

"Shikamoo," dada akasema.

"Sijasikia."

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu," akajibu, na lile baraza lote likaangua kicheko, na katikati ya vile vicheko nikatambua cha mwanamke. Alikuwa Zaina. Kisha Shabani akasema asubiri amalize chai yake. Alipoisoma namba, ilikuwa imekwisha kufa. Tukaanza upya.

Huo ndio ukawa utaratibu wetu. Umeme ukikatika, shikamoo. Wingu likitanda modemu ikapotea, shikamoo. Wakati mwingine alitaka aimbiwe, wakati mwingine alitaka dada amwambie alichokula mchana na nani kampikia. Mara moja alimwambia aseme kwamba Rajabu alikuwa mjinga kununua kitu ambacho wenzake wanapata bure. Hilo dada alilikataa, na kwa siku nane hatukupata namba. Tulipoingia tena soko lilikuwa limefungwa, minazi imekauka, na nusu ya mtaa wa msikitini nyumba zimeandikwa kwamba wenyewe wamehama. Kikaragosi kilikuwa bado kimesimama mlangoni. Dada alikitembeza mpaka kisimani na kurudi, kisimani na kurudi. Siku iliyofuata Shabani alipouliza swali lile lile, dada alisema Rajabu alikuwa mjinga. Alilisema mara mbili, kwa sababu la kwanza halikusikika.

Mimi nilimwambia amwachie gemu lake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona nina akili kuliko watu wote wa chumba kile, ambao tulikuwa wawili. Nilisema, "Dada, hivi ni vikatuni." Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kaburi la Rajabu haruhusiwi kwenda kulitazama akiwa eda, nguo zake wamegawa, pikipiki imeuzwa, mtoto hawakujaliwa. "Amebaki pale mlangoni," akasema. "Wewe ungemwacha?" Leo nina mume na watoto na bado jibu sina.

Shangazi alisikia. Nyumba zile zina kuta ambazo hazifiki paa, na mwanamke mtu mzima aliyekaa uani anachambua mchele anasikia hata unachokifikiri. Alichosikia yeye ni mjane aliye edani, kila siku kwenye simu na mwanamume, anabembeleza, "Shemeji tafadhali, nitumie, nakuomba." Nilikuwa jikoni napuliza moto siku alipomweleza jirani.

"Mchanga wa kaburi haujakauka," alisema. "Na pale haombi namba ya gemu, mwenzangu. Gemu gani la mtu mzima? Anataka arithiwe."

"Na huyo Shabani ana mke."

"Ndiyo hapo. Damu ya mwanangu bado iko barabarani Fukayosi, mwenzie keshachagua godoro."

Kuanzia hapo hakusimama tena mlangoni kuangalia kijiko. Sahani aliisukuma kwa mguu. Maneno yakatoka Magomeni yakafika Dunda, yakaenda mpaka Miono kwa ndugu zetu, na mama akapiga simu kuuliza kama ni kweli mwanawe anataka kuolewa na shemejiye kabla ya kutoka eda. Dada alimjibu kwamba si kweli, na jioni ile ile umeme ukakatika, ukarudi, naye akachukua simu akampigia Shabani, "Shikamoo." Nilimchukia, lazima niseme. Nilimchukia dada yangu kwa jinsi alivyoizoea ile sauti ndogo ya kuomba, sauti ambayo kabla ya mwaka ule sikuwahi kuisikia kwake.

Eda ilipokwisha wakaketi kugawa mirathi. Shehe na wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake nyuma ya pazia. Shehe alikuwa mtu mwema, na huenda ndiye pekee katika kisa hiki. Alitaja nyumba, akasema mjane asiye na mtoto ana robo yake, haiguswi. Dada akaomba ruhusa ya kusema, akauliza kuhusu mji. Shehe akauliza mji gani. Nikaeleza mimi, kwa haya, na sebule ikaanza kucheka kabla sijamaliza. Shehe akawanyamazisha.

"Kitu chenyewe kiko wapi?"

"Kwenye mitambo ya kampuni, shehe, ng'ambo."

"Marehemu aliuziwa au aliruhusiwa kutumia?"

Hapo nikakwama. Nilisema alilipa. Shehe akasema kulipa si lazima kuwe ni kununua, hata mpangaji hulipa, na mpangaji akifa chumba hakirithiwi. Basi akasema hilo yeye haliwezi, waelewane wenyewe kwa wema. Shabani akasema yuko tayari kwa wema. Laini ya marehemu ataitoa hapo hapo, mbele ya mashahidi. Shemeji naye asamehe robo yake ya nyumba.

Shehe alimuuliza dada mara tatu, na kila mara alimkumbusha kuwa ile ni haki yake aliyopewa na Mwenyezi Mungu. Dada akasema mara tatu, "Nimesamehe." Akasema kwa sauti ya wazi kabisa, hakuna aliyedai kwamba hakusikia. Shabani akaichomoa laini kwenye simu mpya aliyokuwa ameinunua kwa fedha za pikipiki, akaipitisha chini ya pazia kwa kidole kimoja. Shangazi, aliyekuwa karibu yangu, akanong'ona kwa furaha kwamba mwendawazimu kauza nyumba kwa kikatuni. Siku hiyo ndiyo ya mwisho kula chakula chake. Ulikuwa wali wa nazi, na nilikula wote.

Dada alipanga chumba kimoja karibu na soko. Nilimuona akicheka tena mwezi ule. Namba zilikuja mkononi mwake mwenyewe, anaingia saa aitakayo. Alichimba visima upya, akarudisha soko, akapanda minazi. Wakazi wakarudi. Asubuhi nilimkuta na chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha, anamtembeza Rajabu mitaani kabla ya kwenda kazini. Ningeomba kisa kiishe hapo. Lakini dada yangu alikuwa mke wa Rajabu kweli kweli, na wema wa yule bwana ulikuwa umemwingia. Kilimkera kwamba kila siku anaingia kwa jina la maiti, anathibitisha kuwa yeye ni mtu ambaye siye. Alisema huo ni uongo, na Rajabu asingeupenda. Akataka niwaandikie wenye gemu kwa Kiingereza kwamba mnunuzi amefariki na mjane anaomba akaunti iandikwe jina lake.

"Dada, tuwaache. Hawajui, hawaulizi," nikamwambia.

"Ndiyo maana nataka wajue. Andika."

Nikaandika alivyotaka. Jibu lilikuja upesi, la adabu kupita jibu lolote nililowahi kupata. Walisema wamesikitika sana kwa msiba wetu. Walisema ruhusa ya kucheza alipewa mnunuzi peke yake, haihamishiki, wala haiendelei baada ya kufa kwake. Na kwa kuwa sasa wamefahamishwa kuwa amefariki, akaunti imefungwa na vilivyomo vimefutwa kwa ajili ya kulinda faragha yake. Walimalizia kwa kututakia faraja. Nilimtafsiria neno kwa neno, kwa sababu alinikataza kuruka. Akafungua laptopu. Namba haikuja. Akajaribu tena, na tena, simu yenye laini ya Rajabu ipo mapajani mwake kimya. Hakulia. Aliniuliza tu kama wamemfuta akiwa amesimama au amekaa.

Shabani alisikia. Mji mdogo ule. Alikuja mwenyewe mpaka mlangoni na flashi mkononi, anatabasamu, akasema amemletea dada lile gemu la kuchakachuliwa, halitaki mtandao, halina namba, mji mtupu ataujenga upya bure. Nilimfungia mlango. Kwa miezi kadhaa wavulana wa banda lake walimsalimia dada sokoni kwa kuimba, "Shikamoo, sijasikia." Kuna mambo mengi mabaya nimeyaona baadaye katika maisha, na wenye kuyafanya mara nyingi walikuwa na sababu, njaa au woga au mapenzi. Shabani hakuwa na sababu. Nyumba aliipata mwishoni, lakini alianza kabla ya kuifikiria. Alishika kitu ambacho mtu anakihitaji, basi, akaona inafurahisha.

Ndiyo hiyo nyumba niliyoingia na dada yangu mwaka huu. Shangazi alikwisha kufa. Zaina alikuwa amekaa kitandani na nguo zake za eda, amekonda, uso umemshuka. Alipomuona dada alitaka kunyanyuka.

"Shikamoo Dada Mwana."

Dada akaketi, akaweka mkoba mapajani. Hakuitikia. Zaina akanieleza mimi. Picha zote za watoto wao ziko kwenye akaunti ya Shabani. Mmoja wao, Mwanaidi, alifariki kwa homa akiwa na miaka minne, na video zake za kutembea na za kusoma Fatiha zimo humo humo. Nywila Shabani hakumwambia mtu. Nikaichukua simu ya marehemu, nikabonyeza kwamba nimesahau nywila. Ikaandika kuwa namba imetumwa kwenye simu ya mwenye akaunti, nayo ikaonyesha tarakimu mbili za mwisho za simu hiyo. Zaina akasema hizo si za laini ya mumewe. Nilizitambua mimi. Mkoba wa dada ukalia.

Ilituchukua muda sote kuelewa, isipokuwa dada. Shabani aliifungua akaunti ile miezi aliyokuwa na laini ya Rajabu kwenye simu yake mpya, akaiandikisha kwa namba hiyo, hakukumbuka kuibadilisha. Na dada yangu laini ile hakuiacha ife. Miaka yote hii aliiweka kwenye kisimu kidogo cha batani, anaiongezea vocha, anaichaji, anakwenda nayo kila mahali. Alikitoa, akasoma ujumbe, akakilaza juu ya goti, kioo chini.

"Dada Mwana," Zaina akasema. "Tafadhali."

"Naomba chai," dada akasema.

Ikaletwa. Aliinywa kwa sahani, akipuliza. Zaina aliitazama ile simu gotini kama mwenye kiu anavyotazama maji. Chai ilipokwisha, dada akasema namba imekufa, aombe nyingine. Zaina mwenyewe akabonyeza. Simu ikalia gotini.

"Shikamoo dada. Nakuomba. Ni mwanangu."

"Sijasikia."

"Shikamoo!"

"Ulikuwa ukicheka," dada akamwambia, bila hasira. "Sauti yako niliijua."

Zaina hakukana. Alipiga magoti sakafuni, pale pale lilipokuwa godoro langu, akashika miguu ya dada yangu, akasema alikuwa mtoto, alimcheka kwa sababu mumewe alitaka acheke. Nilimwamini. Nikafungua mdomo nimsemee, dada akanitazama, nikaufunga. Akajinasua taratibu, akarudisha kisimu mkobani, akafunga zipu, akasema tuondoke tusije tukakosa basi.

Tulikuwa hatujafika barabarani mkoba ulipolia. Tulipokata kona ya msikiti ukalia tena, na tena, kila mara Zaina alipobonyeza kule chumbani. Sikuweza kuvumilia.

"Dada," nikasema, "imeingia nyingine."

"Sijasikia," akajibu, akanyoosha mkono kusimamisha bajaji.